Kilichoitia Weusi Chatini ya Kashiben

Jumapili asubuhi uchochoro wetu wote unanukia mafuta ya moto. Hakuna nyumba isiyokaanga kitu. Wengine wanakaanga bajia za dengu, wengine kachori, wengine gathia, vijiti vya unga wa dengu virefu kama vidole. Na pembeni ya kila sahani lazima pawe na chatini ya kijani. Mzee Becharbhai husema kwamba bajia bila chatini ni chakula cha mahabusu.

Becharbhai ni jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja. Mke wake anaitwa Kashiben. Wana mtoto wa kiume, Nilesh, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wana pia binti, Daksha, ambaye wakati huo alikuwa bado hajachumbiwa. Mke wa Nilesh ni Jalpa. Huyu Jalpa ndiye ninayetaka kumwandika hapa, kwa sababu alionewa, na mimi niliona kwa macho yangu.

Jalpa ni mtu wa kazi. Kabla jua halijatoka, ameshafagia uwanja, ameshateka maji, ameshachemsha chai. Simsifu bure. Mimi naamka mapema kwa ajili ya sala, kwa hiyo najua nani mtaani anaamka na nani analala.

Lakini siku tatu za kila mwezi Jalpa hakuruhusiwa kuingia jikoni. Hedhi yake ikifika, alikaa kwenye baraza ya nyuma, karibu na kuni. Alikuwa na sahani yake peke yake na bilauri yake peke yake. Asiguse mtungi wa maji. Asiguse achari. Na chatini ndiyo kabisa, hata asiitazame.

"Ikiguswa na mwanamke aliye kwenye siku zake, inageuka nyeusi," Kashiben alikuwa akisema. Aliambiwa hivyo na mama yake. Mama yake aliambiwa na nyanya yake. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi mwezi wa Aprili, watu wa mji wa Upleta wakasema wanakuja kumwona Daksha. Walikuwa na kijana wao, fundi wa pampu za maji, kijana mtulivu. Kashiben hakulala kwa furaha. Alitoa vyombo vizuri. Alipika peremende za maziwa. Alimwambia Jalpa, "Wewe utasaga chatini na kukaanga bajia. Na usinitie aibu."

Jumapili ya wageni, Jalpa alisaga chatini saa sita mchana. Jua la Aprili kwetu si la mchezo. Kotimiri ilinunuliwa jana yake, ikalala kwenye mfuko wa plastiki. Maji yalitoka kwenye tangi la juu ya paa, ya moto kama ya kuogea. Mashine ya kusagia ilinguruma mpaka ikaanza kunuka. Kisha chatini ikamiminwa kwenye sufuria ya alumini, ikawekwa wazi kando ya jiko. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Kashiben mwenyewe.

Saa nane Jalpa alihisi tumbo linamkata. Hedhi imeanza. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini hakunyamaza. Alitoka jikoni na kumwambia mama mkwe wake, "Mama, zimeanza sasa hivi."

Kashiben akapiga paji la uso. "Leo? Leo hii? Toka! Toka upesi!"

Wageni walifika saa kumi. Mimi ni mjane. Kwetu mjane hakai mbele kwenye mambo ya posa. Kwa hiyo nilikuwa jikoni, nakaanga bajia badala ya Jalpa, na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila neno.

Mama wa kijana anaitwa Hansaben. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alichukua bajia. Akaivunja. Akaisogeza kwenye bakuli la chatini, halafu mkono ukasimama hewani.

"Kashiben, dada yangu," alisema, "hii ni chatini au ni dawa ya kupaka ng'ombe mwenye vidonda?"

Wageni wakacheka. Na kweli, ile chatini ilikuwa nyeusi kama tope la bwawa. Juu yake palielea maji ya rangi ya chai.

"Joto, dada, joto," Kashiben alisema. Jasho lilimtoka.

Kwetu posa ikikubaliwa, pande mbili zinakula pamoja sukari guru na mbegu za kotimiri. Sahani ilikuwa imeshaandaliwa, imefunikwa kitambaa chekundu. Hansaben hakuitazama. Alisimama, akatengeneza sari yake, akasema, "Tuna harusi ya mpwa wetu. Tutakuja tena baada ya wiki nne. Hapo tutasema neno letu."

Gari lao lilipogeuka kona tu, Kashiben alikwenda baraza ya nyuma.

"Ulikuwa nazo tangu asubuhi!" alimfokea Jalpa. "Ulinificha! Umeshika chatini na uchafu wako!"

"Mama, naapa kwa Mungu, zilianza saa nane."

"Usiape! Chatini imesema yenyewe! Sasa nisikilize vizuri. Kuanzia leo hugusi chatini, hugusi achari, hugusi chochote kinachowekwa mezani kwa mgeni. Na watu wa Upleta wakimkataa Daksha, utafunga nguo zako urudi kwa baba yako. Nyumba yangu haina nafasi ya mkosi."

Nilesh alikuwa amesimama pale pale. Aliangalia viatu vyake. Mtu mzima, ana masharubu, anaangalia viatu!

Nilirudi kwangu. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu. Lakini nimekaa hekaluni miaka mingi, nimesikiliza visomo vingi, na sijawahi kusikia popote kwamba Mungu amekaa juu huko akipaka weusi chatini za watu. Aliyemuumba mwanamke ndiye aliyemwekea hiyo hedhi. Bila hiyo hakuna Kashiben, hakuna Becharbhai, hakuna huyo kijana wa Upleta. Kuhusu kuingia hekaluni kila mtu na moyo wake, sitaki ugomvi. Lakini chatini si hekalu. Chatini ni majani.

Jumatatu asubuhi Kashiben alipata akili mpya. Mbaya kuliko ya kwanza. Alikwenda sokoni, akarudi na mfuko wa chatini iliyokwisha kusagwa. Aliununua kwa mtu wa mkokoteni.

"Tazama, Divaliben," aliniambia, akiinua mfuko juani. "Hii ndiyo chatini. Hii ndiyo nitakayowapa watu wa Upleta."

Nilitazama. Ilikuwa kijani kama kasuku.

"Dada, majani gani yana rangi hiyo?" nilimuuliza.

"Wewe nawe! Kila kitu una maneno."

Becharbhai alikula ile chatini na gathia sahani nzima. Alilamba vidole. Mchana ulimi wake ulikuwa kijani, meno kijani, na masharubu yake meupe yamekuwa kijani nchani. Watoto wa mtaa walimfuata wakimwita kasuku. Alicheka. Jumanne alfajiri hakucheka tena. Alikuwa anakimbia chooni na ndoo mkononi, maana hakujua kipi kitatangulia.

Saa tatu akaja Ranjanben. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Anatembea nyumba kwa nyumba na mkoba wake, anapima watoto, anaandika wajawazito. Baba yake alikuwa mkaanga gathia kituo cha basi. Kwa hiyo Ranjanben anajua dawa na anajua chatini pia.

Alimpa Becharbhai maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Alimpima homa. Alimtazama ulimi.

"Baba, umekula rangi ya sari?" aliuliza.

"Uliza huyo," Becharbhai alisema kwa sauti ya mgonjwa, akimwonyesha mke wake kwa kidole. "Mimi nakula ninachowekewa."

Kashiben alileta mfuko. Ranjanben aliomba bilauri ya maji safi. Alitia kijiko kimoja cha ile chatini. Hapo hapo maji yote yakawa kijani, yanang'aa.

"Mnaona?" alisema Ranjanben. Uso wake ulibadilika kwa hasira. "Rangi ya majani inakaa kwenye majani. Inazama chini nayo. Rangi ya unga ndiyo inayokimbilia maji namna hii. Na hata ungeondoa rangi, tazama mchanga huu chini. Kotimiri hii haikuoshwa. Wako wanaonyunyizia majani maji ya mfereji ili yaonekane mabichi. Bajia inapita kwenye mafuta ya moto, vijidudu vinakufa. Chatini haipikwi. Kila kilichoingia kwenye majani kinaingia tumboni. Mtu anauza kitu hiki kwa binadamu wenzake, halafu jioni anawasha ubani!"

"Ningefanyaje?" Kashiben alijitetea. "Yetu imegeuka nyeusi. Mkwe wangu ameigusa akiwa kwenye siku zake. Tumeaibika mbele ya wageni."

Ranjanben aligeuka. Alimwona Jalpa kwenye baraza ya nyuma. Ilikuwa siku yake ya tatu pale. Macho yalikuwa yamevimba.

"Ndiyo sababu amekaa hapo?"

"Ndiyo desturi," alisema Kashiben.

"Na ndiyo sababu atarudishwa kwao," nikadakia mimi. Sikuweza kuvumilia. "Mwambie yote, Kashiben. Usimwambie nusu."

Kashiben alinitupia jicho. Lakini Ranjanben hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka mkoba wake pembeni.

"Mama," alisema, "hedhi ni damu ya tumbo la uzazi. Haitoki kwenye vidole. Haitoki kwenye pumzi. Mwanamke akinawa mikono kwa sabuni, mikono yake ni safi kama yako. Chatini inageuka nyeusi kwa sababu zake yenyewe. Hutaki kuniamini, sawa. Tujaribu. Wewe saga yako leo, kama unavyosaga siku zote. Jalpa asage yake kama nitakavyomwelekeza. Tuziweke ukutani hapa, tuzitazame jioni."

"Jalpa? Leo? Mungu apishe mbali!"

"Si ya kuliwa, mama. Ni ya kutazamwa tu."

"Jikoni kwangu haingii."

"Atasagia kwangu," nilisema.

 Kashiben anajua jiko langu lina kona ya sala, na sanamu ya Bwana iko pale na taa yake. Watu huvuta pazia mbele ya sanamu mwanamke mwenye hedhi akipita. Mimi sikuvuta pazia.

Basi tukaingia, Jalpa, Ranjanben na mimi. Daksha naye akatufuata. Jalpa alisimama mlangoni kama mtu anayeingia kituo cha polisi.

"Ingia, mwanangu," nilimwambia. "Jiko halitakuuma."

Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ranjanben alimpa kotimiri iliyotoka sokoni asubuhi ile, na nanaa.

"Kwanza kata mizizi," alisema. "Toa majani ya manjano na yaliyolainika. Usitupe vijiti vyembamba, ndivyo vyenye harufu. Vijiti vinene vya nanaa tupa, vinatia uchungu. Sasa osha. Usishike fungu ukalipitisha bombani kama unamwogesha paka. Zamisha majani yote kwenye beseni, tikisa, acha mchanga ushuke, kisha nyanyua majani. Usimwage maji pamoja na majani, utaurudisha mchanga juu."

Jalpa alifanya hivyo. Maji ya kwanza yalikuwa kahawia. Ya pili yalikuwa na mchanga kidogo. Ya tatu yalibaki safi.

"Tumekuwa tukila huo mchanga?" Daksha aliuliza.

"Kwa bajia, wifi," Jalpa alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu Jumapili.

Ranjanben alimwambia akung'ute majani na kuyatandaza kwenye kitambaa safi mpaka yakauke. Kisha alipima kwa mkono wake. Konzi mbili za kotimiri, konzi moja ya nanaa. "Nanaa ikizidi, chatini inakuwa nyeusi na chungu," alisema. "Wengi wanakosea hapo. Wanadhani nanaa nyingi ni harufu nyingi."

Akaongeza pilipili mbichi tatu, kipande cha tangawizi kama pingili ya kidole, bizari nyembamba kidogo, chumvi, na sukari chembe tu. Halafu konzi ndogo ya karanga zilizokaangwa na kumenywa.

"Karanga za nini?" niliuliza. "Mimi sitii."

"Ndiyo maana chatini yako inatoa maji, dada. Karanga zinashika maji. Kama huna karanga, tia dengu za kukaanga."

Kisha akakamua ndimu nzima juu ya majani, kabla ya kusaga.

"Sikiliza hapa, Jalpa. Ukikata embe ukaliacha, linakuwaje?"

"Linakuwa kahawia."

"Nani ameligusa?"

"Hakuna. Ni hewa."

"Haya. Jani ni hivyo hivyo. Ukilisaga, umelikata mara elfu. Hewa inaingia kila mahali. Ndimu inaizuia hewa isiharibu upesi. Kwa hiyo ndimu iingie tangu mwanzo, isisubiri mwisho. Adui wa pili ni moto. Mashine ikizunguka muda mrefu inachemka, na majani yanapikwa humo ndani bila wewe kujua. Tia barafu. Saga kidogo, simama. Saga kidogo, simama."

Nilitoa barafu kwenye friji yangu. Ranjanben aliuliza kama maji yake yalichemshwa. Nilimwambia ndiyo, maana maji ninayokunywa ndiyo ninayogandisha. "Vizuri," alisema. "Barafu ya maji machafu ni uchafu ulioganda. Asiye na friji atumie maji yaliyochemshwa, yakapoa kwenye mtungi."

Jalpa alisaga. Mara nne, akipumzisha mashine. Jiko zima lilijaa harufu ya kijani. Aliimimina kwenye bakuli la kioo lililosuguliwa kwa maji moto, akaifunika.

"Isiwekwe kwenye alumini," alisema Ranjanben. "Ndimu inakula sufuria, na chatini inapata ladha ya chuma. Kioo, udongo au chuma kisichoshika kutu. Ifunikwe. Ikae mahali baridi. Na mtu asichovye kijiko alichokilamba. Toa kidogo kwenye kibakuli, kilichobaki kisirudi. Siku mbili au tatu, imalize."

Upande wa pili wa ukuta tulisikia mashine ya Kashiben ikinguruma bila kupumzika. Alitumia kotimiri ya Jumamosi iliyobaki, maji ya tangi na sufuria yake. Nilimsikia akisoma sala huku anasaga. Nia yake ilikuwa safi. Siwezi kusema uongo.

Saa saba mchana vyombo viwili vikawekwa juu ya ukuta wetu, kivulini, kila kimoja upande wa mwenyewe. Becharbhai alivuta kitanda chake cha kamba akalala akizitazama. "Nimekuwa mlinzi," alisema. "Mgonjwa hana kazi nyingine."

Saa kumi na moja Ranjanben alirudi kutoka kwenye nyumba zake. Tukafunua.

Ya Jalpa ilikuwa kijani. Haikuwa kijani cha kasuku. Ilikuwa kijani cha jani lenyewe, na imekaa nzito, haina maji juu. Ya Kashiben ilikuwa kama majani ya chai yaliyotupwa.

 Kashiben aliinama akatazama sufuria yake karibu sana. Kisha akainuka.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi nililala hapa tangu saa saba," alisema Becharbhai. "Hata nzi nilimfukuza."

"Umeisaga wewe, mama," alisema Ranjanben kwa upole. "Umeimimina wewe, umeiweka wewe. Siku zako zilikoma lini?"



"Miaka kumi na minne," Becharbhai alimjibia. Halafu akaanza kucheka, akajishika tumbo, akasema, "Uuui," na akaenda mbio chooni.

Sisi hatukucheka. Jalpa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kwa hiyo?" niliuliza mimi. Hasira ilinipanda tena na sikuizuia. "Kwa hiyo Kashiben naye afunge nguo zake arudi kwa baba yake? Maana chatini imesema yenyewe! Miaka miwili mmemweka msichana wa watu kwenye kuni. Mmemnywesha maji kwenye bilauri ya peke yake kama mwenye ukoma. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu hakuna aliyetia ndimu!"

"Basi, Divaliben," alisema Kashiben.

"Si basi. Wewe pia ulikaa hapo kwenye kuni ulipoolewa. Niliambiwa ulilia. Ulifurahi?"

Kashiben alisogea. Aliingiza kidole chake kwenye bakuli la Jalpa. Ile iliyokuwa ya kutazamwa tu. Akaonja. Alisimama hivyo, kidole mdomoni, kama mtoto.

"Chumvi imepungua," alisema hatimaye. Akaingia ndani.

Hakuomba msamaha siku ile. Sikutegemea. Lakini usiku wa jana yake Jalpa alilala barazani, na usiku ule alilala chumbani kwake. Mfuko wa chatini ya mkokoteni niliuona kwenye jalala asubuhi. Wiki iliyofuata Kashiben alinunua ndimu kumi na mbili. Nikamsikia kupitia ukutani, "Jalpa, unasimamisha mashine mara tatu au nne?" Jalpa akajibu, "Nne, mama."

Wiki nne zikapita. Jumapili ya wageni ikafika. Asubuhi nilikuwa kwao, namenya karanga. Jalpa aliingia akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama," alisema. "Zimeanza jana."

Niliacha karanga. Kashiben alikuwa amempa mgongo. Bega lake lilisimama. Nilijua anachofikiria. Daksha ana miaka ishirini na sita. Watu wa Upleta wanarudi. Hii si siku ya majaribio.

"Umenawa mikono?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimenawa."

"Kotimiri iko kwenye beseni. Nimeshaiosha mara tatu. Nanaa usiijaze."

Saa kumi Hansaben aliketi kwenye kitanda cha kamba, pale pale alipoketi mwanzo. Bajia zikaletwa zikiwa moto. Chatini ikaletwa kwenye bakuli la kioo. Hansaben aliitazama kwa jicho la mpelelezi. Akachovya. Akala. Akachovya tena. Bajia ya nne hakuivunja, aliizamisha nzima.

"Hii leo ndiyo chatini," alisema. "Nani kaisaga?"

"Mkwe wangu," alisema Kashiben.

"Mikono yake ibarikiwe. Unaona sasa, dada, mwanamke akiwa safi chakula kinajua. Kwetu mwenye siku zake hata kivuli chake hakifiki kwenye chatini. Daksha atazoea, sisi ni watu wa desturi."

Kashiben angenyamaza, mambo yangekwisha. Sahani yenye kitambaa chekundu ilikuwa karibu na goti lake. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko. Daksha alikuwa mlangoni, uso umepauka.

"Hansaben," alisema Kashiben. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo ni siku yake ya pili."

Hansaben alibaki na bajia mkononi.

"Siku ya pili ya nini?"

"Ya hedhi. Ameisaga leo asubuhi. Mimi nilikuwa karibu yake. Nimekula na mimi. Ile ya mara ya kwanza haikuharibiwa na yeye. Iliharibiwa na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha vibaya, halafu nikamtukana. Na Daksha naye hatakaa kwenye kuni. Kama hamtaki hivyo, mseme sasa, kabla hatujafunua sahani."

Becharbhai aliacha kutafuna. Kijana wa Upleta alimtazama mama yake. Kisha, polepole, akachukua bajia, akachovya kwenye chatini, akala.

Hansaben hakumgombeza. Aliitazama ile chatini. Nilitegemea asimame na kutengeneza sari yake.

"Mimi nina miaka hamsini na tisa," alisema. Ile sauti ya mtaa wa pili haikuwepo. "Sina mkwe, sina binti. Jikoni niko peke yangu. Na chatini yangu inageuka nyeusi kila siku ya Mungu. Miaka yote nimekuwa nikimlaumu mwanamke anayeniletea maziwa. Nilimkataza asipite dirishani kwangu."



Aliinua kichwa akatazama mlango wa jiko. "Huyo mkwe yuko wapi?"

Jalpa alitoka, mtandio kichwani, macho chini.

"Ndimu unatia lini?"

"Kabla ya kusaga, mama."

"Kabla?"

"Kabla. Na barafu."

Hansaben alisogea kwenye kitanda cha kamba mpaka kikatoa sauti, akapiga mahali patupu kando yake kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema. "Nieleze polepole, mimi sikusoma."

Jalpa alimtazama Kashiben. Kashiben alikuwa ameshaanza kufunua kitambaa chekundu. Jalpa akakaa, bega kwa bega na mgeni, akaanza tangu kukata mizizi.